Kilopaskali Hazipiti Kwangu

Jumatatu, 2 Februari

Leo nimeamua. Lusungu lazima aanguke. Sio aanguke chini aumie, hapana, mie ni Mkristo. Aanguke kitaaluma.

Nitaandika kila kitu humu, ili siku wakiandika historia ya kemia hapa Mwananyamala wajue nani alisimama imara. Mie, Adelard, mwalimu wa kemia, kidato cha sita mkondo A, miaka yote hii bila hata cheti cha shukrani. Yeye, Mwalimu Lusungu, mkondo B, kaja juzi tu kutoka Njombe na tabasamu lake. Sasa watoto wa mkondo A wameanza kumfuata yeye na maswali wakati wa chai. Watoto WANGU!

Ishu ni hii. Gesi zikiwa kwenye chombo zinabadilikabadilika, halafu zinafika mahali zinatulia. Kuna namba inayosema zitulie wapi, inaitwa Kp. Kuipata unahitaji presha ya kila gesi. Mie nafundisha presha iandikwe kwa angahewa. Ndivyo alivyonifundisha Padri kule Ndanda, na Padri hakuwahi kukosea. Lusungu anawaambia watoto watumie kipimo chochote, angahewa, kilopaskali, ilimradi presha na Kp viwe kwenye kipimo kimoja. Chochote! Hii ni kemia au soko la Tandale?

Angahewa moja ni kilopaskali mia moja na moja na ushee. Kubadili ni kugawanya tu. Nimewawekea watoto kiitikio: mie naita "presha!", wao wanajibu "badili!" Ukipita nje ya darasa utadhani tunatoa mapepo. Lakini hawasahau.

Moko, mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, ni wiki ijayo, na safari hii si moko ya mchezo. Wafadhili wa shule wameleta nafasi moja, moja tu, ya kwenda kusomea ufamasia. Wanalipa kila kitu mpaka sabuni. Itaenda kwa atakayeongoza kemia. Na atakayeongoza ni Avelina, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye naishi naye. Dada alinishika mkono pale wodini akaniambia kaka, mtoto asome. Nikamwambia atasoma. Nafasi nyingine sina, na mshahara wangu kila mtu anaujua.

Kwa hiyo Avelina apande, Lusungu ashuke. Ngazi ni hiyo hiyo.

Jumatano, 4 Februari

Swali la nne la moko ni langu. Nimelitunga leo. Loo, swali! Nilipomaliza nikajipigia makofi, polepole, walimu wengine wasisikie.

Gesi mbili kwenye chombo kimoja. Presha zao nimezitoa kwa kilopaskali: ya kahawia thelathini, isiyo na rangi tisini. Kp nimeitoa kwa angahewa: 0.15. Mtoto aseme gesi zitaelekea upande gani. Mtoto wangu atabadili presha kwanza, atapata 0.1, ataona ni ndogo kuliko Kp, atasema zinaenda mbele. Sahihi. Mtoto wa Lusungu atakurupuka na kilopaskali zake, azidishe thelathini kwa thelathini, agawanye kwa tisini, apate kumi, aone ni kubwa kuliko Kp, aseme zinarudi nyuma. Kwisha habari yake.

Mchana kulikuwa na kikao cha kupitia maswali. Sikwenda. Nilikuwa kwa fundi Khalfani, anayechora bango la twisheni yangu. Nilimwambia achore chombo cha gesi. Kachora mtungi wa kupikia. Chini yake kaandika ANGAHEWA, herufi kubwa, nyekundu. Kabla rangi haijakauka mama mmoja kaja kuulizia mtungi mdogo bei gani.

Niliporudi shuleni Lusungu kanifuata. Kasema, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba kikao kimeligusa swali la nne kidogo kwa sababu vipimo havikuoana. Kanipa nakala ndani ya bahasha, kaniomba niisome na nirekebishe mwongozo wangu wa kusahihishia. Nikamshukuru. Nikaitia bahasha kwenye droo, nikafunga. Tangu lini mpishi akaonjeshwa chumvi ya mchuzi wake mwenyewe?

Alhamisi, 5 Februari

Nyumba yangu inanuka kitunguu saumu. Mke wangu Eufrazia anasaga saumu na tangawizi, anatia kwenye vikopo, anawauzia mama ntilie. Mmenyaji ni Avelina. Anamenya huku daftari lipo mapajani. Vidole saumu, nywele saumu, madaftari saumu. Majirani wanalalamika. Mie nimezoea.

Leo jioni kaniuliza jambo. Mjomba, kama Kp yenyewe wameitoa kwa kilopaskali, na presha ziko kwa kilopaskali, kuna haja gani ya kubadili?

Hata Eufrazia aliacha kutwanga.

Nikamuuliza nani kamtuma. Kasema hajatumwa, amefikiria tu. Nikamwambia chumba cha mtihani sio mahali pa kufikiria, watu wameponzwa na kufikiria. Kasema sawa, Mjomba. Ana "sawa" yake huyu mtoto, karithi kwa mama yake. Hujui kama amekubali au amekusamehe.

Baadaye, kumjaribu, nikaita "presha!" kutoka sebuleni. Akajibu "badili" kutoka jikoni. Nikatulia.

Jumatatu, 9 Februari

Moko ya kemia imefanyika. Joto la kufa mtu. Praygod, mwanafunzi wangu kipenzi, katoka anacheka. Kaniambia amebadili kila alichokiona, hata nyuzijoto. Kijana mtiifu yule! Anaandika unachomwambia, hakuulizi kwa nini.

Nyumbani nilimuuliza Avelina swali la nne limekwendaje. Kasema lilikuwa jepesi kuliko yote. Nikamuuliza, ulibadili? Hapo hapo Eufrazia akamwita akaepue sufuria, wali unaungua. Hakurudi kunijibu. Nimechukulia ni ndiyo.

Jumatano, 11 Februari

Siku tamu kuliko zote mwaka huu. Kusahihisha! Kwetu kila mwalimu anasahihisha swali lake kwa watoto wa mikondo yote, na vijitabu vina namba, havina majina. Haki tupu. Nilikaa na peni nyekundu, chai ya rangi na chapati mbili.

Mwongozo wangu unasema 0.1, kwa angahewa. Wanangu wameandika 0.1! Machozi yalinilenga. Ila karibu wote wameandika Kp ni 15 badala ya 0.15. Wamesahau sifuri na nukta. Nimewasamehe, mtoto hukosa nukta. Maksi zote.

Halafu wakaja wa kilopaskali. Kumi, kumi, kumi. Nao Kp wameandika 15. Hata nukta hawana, wazembe hawa! Sifuri, sifuri, sifuri. Wote wamesema gesi zinaenda mbele, ambalo ndilo jibu, lakini hiyo ni bahati, na mie sitoi maksi kwa bahati.

Nilishangaa kidogo, A na B kukosa nukta ile ile. Nikajua chanzo. Lusungu kawafundisha vibaya wa kwake, wa kwake wakawaambukiza wa kwangu.

Kijitabu kimoja kiliniudhi kuliko vyote. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, kila hatua na kipimo chake, kilopaskali mpaka mwisho. Mwandiko kama nimewahi kuuona mahali, lakini wasichana wote waliopita shule za masista wanaandika hivyo. Chini yake kaandika kwamba hakuna haja ya kubadili, kwa kuwa Kp na presha ziko kwenye kipimo kimoja. Jeuri hiyo! Sauti ya Lusungu kabisa. Na kijitabu chenyewe kinanuka saumu. Watoto wa mkondo B wanakula kachumbari kwenye chumba cha mtihani.

Nikampa sifuri kubwa. Nikaizungushia duara. Halafu duara la pili juu ya la kwanza. Nilipokuwa nachora lile la pili nilijisikia kijana.

Ijumaa, 13 Februari

Yesu na Maria.

Matokeo yamebandikwa. Wa kwanza Praygod. Wa pili Avelina. Kapita maswali yote kasoro moja. La nne. Sifuri.

Nilisimama mbele ya ubao na harufu ya saumu ikanijaa puani, wakati pale hapakuwa na saumu. Duara langu. Maduara yangu mawili.

Kabla sijatafuta pa kukaa nikaitwa kikaoni. Lusungu kalalamika kwamba mkondo B wote wamepata sifuri kwa jibu sahihi. Kaweka pepa mezani. Nikalisoma swali langu kwa mara ya kwanza tangu nilitunge. Presha kwa kilopaskali. Kp: 15, kwa kilopaskali. Hakuna nukta iliyosahauliwa na mtu yeyote.

Mkuu wa shule, Mwalimu Benjamin, kaniuliza kama nilitumia mwongozo wa zamani. Jibu lake neno moja, ndiyo. Ningelitamka, vijitabu vingesahihishwa upya mchana huo huo na Avelina angekaa juu. Nililisikia likija. Lilifika kwenye meno. Kisha nikamwona Lusungu anavyosubiri, mikono kaikunja, uso mpole. Ule upole wake! Nikasema mwongozo ni sahihi, na kwamba shule inayobadili matokeo yaliyokwisha kubandikwa sio shule, ni kijiwe. Nikaongea sana. Nikataja nidhamu. Nikamtaja Padri. Mwalimu Benjamin hapendi kelele, kajenga Mbweni makusudi awe mbali na kelele. Kasema basi, jina la Praygod litaenda kwa wafadhili Jumatatu.

Nimeshinda!

Nyumbani Avelina kanipa shikamoo kama kawaida. Kanipakulia ugali na dagaa. Kakaa kumenya. Hakulia. Alivyoinamisha kichwa alifanana na dada zile siku za mwisho. Roho iliniuma. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma humu: iliniuma mpaka nikasukuma sahani.

Eufrazia kauliza nani alisahihisha swali la nne. Nikasema jopo.

Jumamosi, 14 Februari

Nimepata njia. Mungu hamtupi mja wake.

Avelina apande bila mie kushuka. Rahisi kabisa. Jibu lake nitaligeuza liwe kwa angahewa. Jumatatu asubuhi nitajifanya napitia vijitabu kwa mara ya mwisho, nitashtuka, nitasema jamani, huyu nilipitiwa, jibu lake ni 0.1! Kosa la macho tu. Macho ya mwalimu yanachoka, hilo halina aibu. Maksi zake zinarudi, anakuwa wa kwanza, mwongozo wangu unabaki pale pale na Lusungu anabaki na upole wake.

Leo ukumbi wa shule ulikodishwa kwa sendofu ya bibi harusi mmoja. Wapishi walikuwa wameagiza vikopo vya saumu kwa Eufrazia. Nikasema nitavipeleka mie mwenyewe. Eufrazia kanitazama, sijawahi kubeba kikopo tangu tuoane. Nikamchukua Avelina abebe ndoo, ili nionekane nina safari ya maana.

Mlinzi Mbwana nikamwambia nimesahau miwani kwenye stoo ya maabara, ndiko vijitabu vilikofungiwa. Kanifungulia. Avelina akabaki mlangoni na ndoo yake. Muziki wa sendofu unagonga, mabati yanatikisika, jasho linanitoka. Kijitabu sikukitafuta kwa namba. Nilikipata kwa pua.

Nikaufungua ukurasa. Nilikuwa na peni yangu ya bluu. Nikaikata ile kumi yake na kilopaskali zake, kila mahali zilipokuwa, na juu yake nikaandika 0.1 na angahewa. Ile sentensi yake ya chini nikaifuta kwa mistari, neno kwa neno. Ilikuwa sentensi nzuri kusema kweli. Lakini haikuwa ya mkondo A.

Nilipotoka Avelina kaangalia mkono wangu. Nikaangalia na mie. Wino wa bluu kwenye kidole cha shahada. Nikamwambia miwani sikuiona. Kasema ipo usoni, Mjomba.

Jumatatu, 16 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nimefika shuleni mapema na mshtuko wangu umeiva, nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo. Nakuta stoo iko wazi. Vijitabu viko juu ya meza. Lusungu yupo, Mwalimu Benjamin yupo, na mwalimu wa fizikia. Kumbe jana baada ya misa Lusungu kamfuata mkuu wa shule mpaka Mbweni, kakaa naye barazani, kamwelewesha kwa vijiko na vikombe. Mwalimu Benjamin kaelewa. Swali la nne linasahihishwa upya, watoto wote. Kilopaskali zinapewa maksi.

Nimesimama mlangoni na mshtuko wangu mkononi.

Lusungu alikuwa anafurahi. Kasema ameshapiga hesabu: kuna mtoto mmoja wa mkondo A amekuwa wa pili kwa sababu ya swali hili peke yake. Akipewa maksi zake, hakuna wa kumfikia. Kaniambia nifurahi, Mwalimu, si ni mtoto wa kwako yule? Akakivuta kijitabu chake, akakifungua.

Akaugeuza ukurasa, akaurudisha.

Akakisogeza dirishani. Akamwita mwalimu wa fizikia. Wakaangalia wote. Wino wa bluu umepita juu ya sifuri yangu nyekundu. Juu yake! Maana yake jibu limegeuzwa baada ya kusahihishwa. Sikufikiria hilo. Nani angefikiria hilo?

Avelina akaitwa. Mbwana akaitwa. Mbwana ni mtu mkweli, sijui kwa nini watu wanaajiri watu wa namna hii. Kasema Jumamosi nilikuja kutafuta miwani, na binti alikuwa na mie, kasimama mlangoni pale na ndoo. Mwalimu Benjamin akaunganisha mwenyewe. Kasema Mwalimu Adelard ndiye aliyempa sifuri, hana sababu ya kuchezea kijitabu. Lakini binti alikuwa nayo sababu, na mjomba alipogeuka kutafuta miwani, basi, akaligeuza jibu lake.

Lusungu alikuwa ananiangalia mie. Hakuangalia kijitabu tena.

Mwalimu Benjamin akamuuliza Avelina huu ni mwandiko wa nani. Sasa, namba moja ya Avelina ni kijiti kitupu. Moja yangu ina kofia na kiatu, ndivyo Padri alivyofundisha. Ukurasa mzima ulikuwa na vikofia na viatu. Avelina kaangalia ukurasa muda mrefu. Kisha akaniangalia mie. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Kasema hajui.

Mwalimu Benjamin akanigeukia, akaniuliza mie kama mtaalamu. Lilikuwa neno moja tena. Wiki hii maneno mafupi yananiandama. Nikakohoa. Nikafikiria kazi yangu, mwalimu anayechezea mtihani hakai siku moja. Nikafikiria bango langu, rangi haijalipiwa. Nikasema mwandiko wa mtoto akiwa na hofu hubadilika.

Nimeyasema hayo mie. Kwa mdomo huu. Avelina akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu aliyokuwa ameshaikokotoa.

Moko yake imefutwa. Asionekane shuleni mpaka siku ya mtihani wa taifa. Maabara na masomo ya jioni hapati tena. Nafasi ya ufamasia imeenda kwa Hope wa mkondo B, ambaye ameandika kilopaskali tupu. Praygod hata wa tatu hakuwa.

Nilipopita karibu na Lusungu koridoni alisema neno moja tu, kwamba ningenyamaza tu Jumamosi, nikae nyumbani, mtoto angekuwa wa kwanza. Sikumjibu. Mtu mwenye kiburi hajibiwi.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimekwenda misa ya asubuhi. Foleni ndefu. Padri wa parokia akanipaka majivu kwenye paji la uso, akaniambia nitubu na kuiamini Injili. Nikajua anamsema Lusungu, ila hakutaka kumtaja.

Eufrazia hazungumzi na mie tangu juzi. Anaweka chakula, anaondoka. Sijui nani kamwambia. Avelina anaapa hajasema kitu, na Avelina hasemi uongo, isipokuwa ile mara moja.

Nimejaribu kurekebisha mambo. Nimemwambia Avelina nitamfundisha mwenyewe hapa hapa sebuleni, bure, mpaka mtihani wa taifa. Kasema ahsante Mjomba, atasoma mwenyewe. Nikamwambia ufadhili si mwisho wa dunia, wako watu wamefika mbali bila kusoma ufamasia. Akauliza mama yake alikufa kwa nini. Nikasema ugonjwa. Kasema hapana, alikufa kwa kupewa dawa ya kipimo kisicho chake, na ndiyo maana yeye alitaka kusomea ufamasia.

Sikulijua hilo. Kumbe nilikuwa nalijua. Nililisahau.

Nimetoka nje nikakaa chini ya bango. Kijana mmoja kaja kuuliza kama mitungi mikubwa imefika.

Jumapili, 22 Februari

Avelina kaondoka leo. Kaenda Kimbiji kwa mama yangu, bibi yake, akasomee kule. Mama ana banda la mihogo na kibatari, kingine hana. Nilimsindikiza mpaka pantoni. Begi nilibeba mie. Halikuwa zito, madaftari tu, na yote yananuka.

Pale getini nilitaka kumwambia neno. Lilikuwepo, nililiandaa njia nzima. Likaja lingine. Nikamwambia akifika asiache mazoezi ya kubadili, mia moja na moja nukta tatu, agawanye kila siku hata presha kumi. Akaniangalia vile vile kama Jumatatu ile. Kasema baki salama, Mjomba. Akashika mkanda wa begi akapita. Nilisimama mpaka watu wakanisukuma.

Nyumbani Eufrazia ametandika mkeka, kaweka beseni la saumu na kisu. Kasema, na ni maneno yake ya kwanza wiki nzima, kwamba mmenyaji ameondoka, na aliyemwondoa ndiye atakayemenya. Basi nimemenya. Vidole vinawaka. Maganda yameniganda mpaka kwenye ndevu. Hata karatasi hii sasa inanuka.

Wakati wa kumenya mtu anapata nafasi ya kufikiria. Nimejiuliza kwa dhati nilikosea wapi, na nimepata. Peni. Ningetumia peni yake mwenyewe, siku zote ipo kwenye mkoba wake, na namba moja ningeziandika bila kofia. Hilo tu. Mtu hujifunza.

Na Lusungu asijidanganye. Fununu zinasema wanataka kumpa ukuu wa idara. Thubutu! Mwakani swali langu sitalitoa kwa angahewa wala kwa kilopaskali. Nitalitoa kwa milimita za zebaki. Nimeshaanza kulitunga hapa, kati ya beseni moja na jingine, na ni swali zuri, Padri angelipenda.

Nilipofika katikati yake nikajikuta naita "presha!" kuelekea jikoni. Mazoea tu.

Hakuna aliyeitikia. Nikaitikia mwenyewe, badili, nikaendelea.